Mwavuli wa Ndege Ndogo: Wokovu Wake na Hatari Yake

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Nyundo, katika wilaya ya Rubavu, huona kwa mtazamo mmoja karibu kila kitu kinachomtia rubani wasiwasi. Kaskazini imesimama milima ya volkano: Karisimbi yenye urefu wa mita 4,507 na, upande wa Kongo, Nyiragongo yenye mita 3,470. Magharibi limetanda Ziwa Kivu. Chini yake ni bonde la mto Sebeya, na nyumba za watu, na mashamba ya chai ya Pfunda. Gisenyi una uwanja mdogo wa ndege, na ng'ambo tu ya mpaka uko uwanja mkubwa wa Goma. Mawingu hushuka upesi, na mahali tambarare pa kutua kwa ghafula ni haba. Injini ikizimika juu ya nchi ya namna hii, rubani wa ndege ndogo hana mengi ya kuchagua.

Kwa sababu hiyo, habari ya mwavuli unaoishusha ndege nzima, pamoja na watu wote waliomo, si habari ya nchi za mbali peke yake. Inawahusu marubani, lakini baada ya marubani, inawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko watu wengine wote. Ndege inapoanguka, wao ndio hufika mapema. Na mwavuli huo hautolewi kwa mkono. Hutolewa kwa roketi. Chombo kile kile kinachomwokoa mtu aliye angani kinaweza kumwua mtu aliye chini, ikiwa mtu huyo hakijui.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini chombo hicho kilibuniwa. Mwavuli wa mtu mmoja unajulikana sana jeshini. Lakini abiria wa ndege ndogo hajafunzwa kuruka, mlango wake ni mwembamba, na ndege inayozunguka ikielekea chini humbana mtu kitini asiweze hata kuinuka. Ajali nyingi za ndege ndogo hutokea karibu na ardhi, ambako muda wa kufungua mlango haupo. Ilikuwa ni lazima kutafuta njia ya kuiokoa ndege yenyewe.

Afrika Mashariki inazo kumbukumbu zake za uchungu. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, kijana Mjerumani aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa akiruka peke yake katika ndege yao iliyopakwa milia kama ya punda milia. Ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Miaka 65 baadaye, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria aina ya Dash 8 karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi. Dash 8, iliyokuwa na watu 44, ilirudi salama uwanjani. Ile ndogo ilianguka katika mbuga ya wanyama ya Nairobi, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Hakuna awezaye kuapa kwamba mwavuli ungewaokoa watu hao. Lakini misiba ya jinsi hii, ambayo humkuta rubani na chombo kisichotii tena usukani, ndiyo iliyowafanya wengine watafute dawa.

Mmoja wao alikuwa Mmarekani, Boris Popov. Mwaka 1975 alikuwa akiruka kwa bawa la kuning'inia, chombo chepesi kisicho na injini, katika jimbo la Minnesota. Bawa hilo lilikunjika angani, naye akaanguka ziwani. Alinusurika. Mwaka 1980 alianzisha kampuni ya kutengeneza miavuli ya vyombo vya angani, na mwaka 1983 mwavuli wa kampuni hiyo ukaokoa uhai wa mtu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1993 wenye mamlaka ya anga wa Marekani waliruhusu mwavuli huo ufungwe katika Cessna 150, na baadaye katika Cessna 172 na 182, ndege ambazo sura zake zinajulikana sana katika viwanja vya Afrika Mashariki.

Wa pili alikuwa Alan Klapmeier. Mwaka 1985 ndege yake iligongana na nyingine angani. Yeye alifaulu kutua. Rubani wa ile nyingine alikufa. Klapmeier na ndugu yake Dale walikuwa na kampuni changa ya ndege iitwayo Cirrus, nao wakaazimu kwamba ndege watakazouza zitatoka kiwandani zikiwa na mwavuli tayari. Ndege yao ya SR20 ilipata idhini mwaka 1998. Mwezi Oktoba 2002, huko Texas, kibawa cha usukani katika bawa la ndege ya Cirrus aina ya SR22 kilipobanduka kiungo chake kimoja, rubani aliuvuta mwavuli akashuka nao salama. Tangu hapo, miavuli ya ndege za Cirrus peke yake imewashusha hai watu zaidi ya 250. Huko Ujerumani, ndege nyepesi kabisa haziruhusiwi kuruka bila chombo cha kuokolea.

Chombo chenyewe hufanya kazi hivi. Juu ya kichwa cha rubani, au ubavuni pake, kuna kishikio chekundu. Rubani huzima injini akipata nafasi, kisha hukivuta kwa nguvu, na nguvu hiyo si ndogo: ni kama kuinua mzigo wa kilo 20. Katika ndege nyingi kishikio kimeungwa na waya wa chuma unaopita ndani ya mwili wa ndege mpaka kwenye roketi. Waya ukivutika, nyundo ndogo hupiga kiwashio, kama nyundo ya bunduki ipigavyo kitako cha risasi, na baruti ngumu iliyomo ndani ya roketi huwaka. Katika baadhi ya ndege za siku hizi kiwashio ni cha umeme. Kwa vyovyote vile, roketi hutoboa kifuniko chake na kutoka nje, na katika sehemu ya kumi ya sekunde moja huwa imefikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Huondoka na mfuko wenye mwavuli na kuunyosha mbali na mkia na mabawa.

Mwavuli usiachwe ufunguke wote kwa mara moja, kwa maana ungechanika, au ungeivunja ndege. Basi huwekwa pete pana katika kamba zake, ambayo huteremka polepole kadiri mwendo wa ndege unavyopungua, na mwavuli hufunguka kwa hatua. Mikanda iliyofichwa chini ya ngozi ya ndege hubanduka, na ndege huning'inia. Mwavuli wa Cirrus za kwanza una upana wa mita 17 hivi. Ndege hushuka nao kwa mwendo wa mita 8 na nusu kwa sekunde, jambo lililo sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 4 kasoro kidogo. Ni kishindo kikubwa. Magurudumu huvunjika na viti hubonyea, navyo vimetengenezwa makusudi vifanye hivyo, ili kishindo kiishie humo kabla ya kuufikia uti wa mgongo wa mtu.

Hapana budi kusema wazi kwamba chombo hiki kina mipaka yake, na katika nchi ya milima mipaka hiyo ni mikali zaidi. Ndege ya Cirrus iliyo katika mwendo wa kawaida hupoteza kimo cha zaidi ya mita 120 kabla mwavuli haujashika barabara. Ikiwa inazunguka ikianguka, hupoteza karibu mita 280. Kipimo cha rubani kinaweza kusoma mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, lakini kama kilima kilicho chini yake kina mita 2,400, nafasi aliyo nayo ni mita 100 tu, na hizo hazitoshi. Tena hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Katika kimo cha mita 2,000 mwavuli ule ule hushuka kwa haraka zaidi, kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, na nguvu ya kishindo huzidi kwa karibu sehemu moja ya tano. Na anayeshukia ziwani asidhani kwamba maji ni godoro: magurudumu hayapati kitu kigumu cha kuyavunja, na kishindo huwafikia watu moja kwa moja. Hata hivyo watu wameokoka majini. Mwezi Januari 2015 rubani mmoja aliyeishiwa na mafuta akielekea Hawaii alishuka kwa mwavuli katika Bahari ya Pasifiki, akaingia katika mashua yake ya kujaza upepo, akaokotwa na meli.

Vile vile mwavuli huu ni wa ndege ndogo tu. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege aina ya Dornier 228 iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka Goma iliangukia nyumba za watu. Wote 19 waliokuwamo walikufa, na wengine waliokuwa chini wakafa pamoja nao. Ndege ya uzito ule, ikiwa chini kiasi kile, haina mwavuli wa kuiokoa.

Liko na fundisho jingine, ambalo askari atalielewa upesi. Katika miaka ya mwanzo, ndege zenye mwavuli ziliendelea kuua watu kama ndege nyingine. Marubani kadhaa walikufa na kishikio kikiwa juu ya vichwa vyao, hakijaguswa. Walijaribu kwanza kuokoa ndege, wakakumbuka mwavuli wakati kimo kimekwisha. Hali ilibadilika marubani walipoanza kufunzwa upya, tena na tena, kwamba ndege ikishindikana kishikio kivutwe mapema, bila kuhesabu gharama ya chombo. Ndipo vifo vikapungua. Silaha mpya mikononi mwa mtu asiyefunzwa ni mzigo tu.

Katika Rwanda wananchi wengi wameona mwavuli wa namna hii bila kujua kwamba ni wa jamii moja na ule wa ndege za watu. Tangu mwezi Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu na dawa hospitalini kutoka kituo cha Muhanga, na baadaye kutoka kituo cha pili huko Kayonza. Kutoka Muhanga hadi Nyundo, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 60 na kitu. Ndege hizo za mwanzo zina uzito wa kilo 20 hivi. Mzigo wake hudondoshwa kwa mwavuli mdogo wa karatasi, lakini ndege yenyewe nayo ina mwavuli wake wa dharura, ambao hufunguka ikipatwa na hitilafu, ili isiangukie paa la mtu kama jiwe. Askari akiiona ndege kama hiyo imelala katika shamba la chai, asidhani kwamba imetunguliwa au ni ya mpelelezi. Awazuie watoto wasiikaribie, asiifungue, kwa maana ndani yake mna betri zinazoweza kushika moto, na huenda mna damu ambayo mgonjwa anaingojea. Kisha atoe taarifa kwa wakubwa wake mara moja.

Lakini jambo zito zaidi ni ndege ya watu iliyoanguka na roketi yake ikiwa bado haijawaka. Hapo ndipo hatari ilipo. Rubani hakuwahi kuvuta, ndege imepasuka, mwili wake umejipinda, na ule waya wa chuma, pengine, umevutika mpaka karibu na mwisho wake. Mwokoaji anayelivuta bawa ili amfikie majeruhi, au anayekata bati kwa msumeno, anaweza kuumalizia waya huo kazi yake. Roketi ikiwaka, haitachagua. Mwaka 2004 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa mapendekezo juu ya hatari hiyo, ikataka waokoaji waelimishwe na ndege ziwekwe alama zinazoonekana.

Yampasa basi askari afikaye penye mabaki ya ndege ndogo ayashike mambo machache. Kabla ya kugusa kitu, na atazame. Ndege nyingi zenye chombo hiki zina alama ya pembetatu yenye onyo juu ya roketi, imebandikwa karibu na mahali roketi inapotokea. Mahali hapo mara nyingi ni nyuma ya viti vya abiria, upande wa juu, lakini si lazima: ndege moja ya jeti ya Cirrus huutoa mwavuli wake puani. Alama inaweza pia kuwa imeungua au imefunikwa na udongo. Kwa hiyo kukosekana kwake si uthibitisho kwamba roketi haimo.

Asimame mtu yeyote mbele ya mdomo wa roketi, au ainame juu yake, atakuwa amesimama mbele ya mtutu. Kishikio chekundu kisivutwe wala kisichezewe. Kama kinafikika, na pini yake ya usalama inaonekana, mtu aliyefunzwa anaweza kuirudisha pini hiyo mahali pake; lakini pini peke yake isiaminiwe kabisa ikiwa mwili wa ndege umepasuka, kwa sababu waya unaweza kuvutika mbele ya pini. Mabaki yasiburutwe wala yasiinuliwe kabla ya njia ya waya kujulikana. Majeruhi hawaachwi, watolewe, tena upesi, ila kwa upande ulio mbali na roketi, na kwa watu wachache. Wengine wote wawe nyuma. Roketi ambayo haijawaka ihesabiwe kuwa ni baruti, kama kombora lililokutwa shambani, na iachiwe mafundi wa milipuko. Isichukuliwe kamwe kuwa kumbukumbu, wala isitupwe motoni.

Hata mwavuli uliokwisha kufunguka una hatari zake. Upepo wa jioni utokao ziwani ukiingia ndani yake, unaweza kuiburuta ndege pamoja na watu waliomo. Waokoaji wafike kutoka upande upepo unakotokea, waukunje mwavuli au waukalie kwa kitu kizito, ndipo waifikie milango. Wasijizungushie kamba zake mikononi wala kiunoni.

Kazi ngumu kuliko zote hapo ni ya umati. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoleta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, watu zaidi ya 130 walikufa, na mto Sebeya ulibomoa nyumba za Nyundo na jirani zake. Katika misiba kama hiyo jirani humkimbilia jirani kabla hajaitwa, na hiyo ni sifa njema ya wananchi. Ndege ikianguka watakimbia vivyo hivyo, mamia yao, mikono mitupu, wakiwa na nia ya kusaidia. Sifa hiyo hiyo ndiyo itakayowafikisha mbele ya mdomo wa roketi. Askari anayewazuia ataonekana mtu mkali, na pengine atatukanwa. Avumilie. Awaeleze kwa lugha wanayoielewa kwamba ndani ya mabaki yale mna baruti, na kwamba anawazuia kwa ajili ya uhai wao.

Imekuwa desturi kusema kwamba kila maarifa mapya huja na wajibu mpya. Waliobuni mwavuli wa ndege wametimiza sehemu yao: mtu aliyekuwa hana tumaini angani sasa analo. Marubani wanayo sehemu yao, nayo ni kuvuta mapema. Sehemu iliyobaki ni ya walio chini, na haihitaji mashine wala fedha nyingi. Inahitaji saa moja ya mafunzo katika kila kituo, picha moja ya ile pembetatu ukutani, na mkuu wa kikosi anayeuliza kila mara, mpaka kila askari ajibu bila kusita, roketi hutokea wapi na nani asimame wapi. Tahadhari ni kabla ya hatari. Siku ndege ndogo itakapoanguka katika vilima vya Rubavu, hapatakuwa na muda wa kufungua kitabu.